Miaka mitano Doha, na Diani hakuna wa kumsemea: uchambuzi wa kisa cha mhudumu aliyerudi

Kisa hiki kinamhusu binti wa Likoni aliyesomea huduma za hoteli Mombasa, akafanya kazi Doha, mji mkuu wa Qatar, tangu Juni 2019 hadi Aprili 2024, kisha akarudi pwani kutafuta kazi ileile aliyoisomea na kuifanya kwa karibu miaka mitano. Aliikosa kwa miezi minane. Mimi nilimfundisha huduma ya mezani chuoni, na kabla ya kushika chaki nilikuwa hotelini, ambako sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwahoji walioomba nafasi. Ameniruhusu nieleze yaliyomkuta mradi nisitaje jina lake wala hoteli yoyote aliyopitia.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu wanafunzi wangu huanza kuulizia Uarabuni kabla hata ya kumaliza muhula wa mwisho. Wanauliza ajenti gani ni wa kuaminika, mshahara ni riyali ngapi, chakula na malazi ni juu ya nani. Ni maswali ya haki. Habari za kurudi hawaulizi, na lawama si yao, maana hakuna anayewaambia kwamba pale mtu anapofanyia kazi zake za mwanzo ndipo anapopata watu watakaomsemea kwa miaka mingi ijayo.

Alivyoondoka

Alimaliza diploma mwaka 2018. Mafunzo ya nyanjani aliyafanya kwa miezi mitatu katika hoteli moja ya Diani, ufuo wa watalii kusini mwa Mombasa, na Desemba hoteli hiyohiyo ikamwita awe kibarua wa msimu. Wanaoijua pwani wanajua msimu ulivyo. Wageni hujaa kuanzia katikati ya Desemba, hupungua Machi inapoelekea ukingoni, na masika ikianza baadhi ya hoteli hufunga mikahawa yao nusu, nyingine hufunga kabisa hadi Juni au Julai. Vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wakapumzike. Naye aliambiwa hivyo mwisho wa Machi 2019.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka, nami naliona kuwa chanzo cha yote yaliyofuata. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi mtu yeyote aliyemfanyia kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi: cheti kinachotaja jina lake, kazi aliyoifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Sheria hiyohiyo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kulipwa kwa siku. Binti huyu alifanya kazi zaidi ya miezi mitatu. Hakuomba cheti na hakuna aliyemkumbusha. Alitoka na sare aliyotakiwa kuirudisha na namba ya simu ya kapteni wake, yaani kiongozi wa zamu mkahawani. Kwa hiyo ushahidi wake wa kwanza ulipotea hapahapa nyumbani, kabla hajapanda ndege.

Ajenti alimpata kupitia binamu yake. Juni akawa Doha, katika ukumbi mkubwa wa karamu na mikutano, akibeba trei. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, na hoteli yake ikageuzwa mahali pa karantini. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kuacha chakula mlangoni, kubisha na kurudi nyuma, amevaa glavu na barakoa, bila kumwona mgeni. Hata hivyo mshahara uliingia. Wakati huohuo Kenya ilikuwa imesimamisha safari za ndege za abiria wa kimataifa tangu mwisho wa Machi 2020 hadi tarehe 1 Agosti, na wenzake wa darasani waliobaki Diani walikuwa makwao, wengi bila hata senti. Nalitaja hili ili mtu asidhani kwamba waliobaki walikuwa wakipanda ngazi kila mwaka huku yeye akipoteza muda.

Septemba 2020 Qatar ilibadilisha sheria yake, ikaondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri wake kabla ya kuhamia kwingine. Machi 2021 ikaanza kutumika kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula kutoka kwa mwajiri asiyevitoa mwenyewe. Binti wetu aliutumia mlango huo. Mwisho wa 2021 alitoa notisi ya miezi miwili, kama sheria inavyomtaka aliyezidisha miaka miwili, akahamia hoteli iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya Kombe la Dunia.

Kufungua hoteli mpya ni shule ngumu kuliko zote katika kazi yetu. Unaingia mahali ambapo sahani ziko kwenye maboksi, meza hazina namba, na jikoni hawajawahi kupika hata mlo mmoja wa mteja. Wahudumu wametoka nchi kumi na kila mmoja anatandika meza kivyake. Alikuwa katika kundi lililoanza kazi hiyo kutoka sifuri. Mashindano yalianza tarehe 20 Novemba 2022 na kumalizika tarehe 18 Desemba, na kwa siku hizo zote mkahawa wao haukupumzika. Mwaka 2023 kapteni wa zamu yake alihama, akaambiwa ashike nafasi kwa muda. Aliishika miezi minane, akapanga zamu, akafundisha wageni wa kazi, akapokea malalamiko ya wateja. Kwenye mkataba alibaki kuwa mhudumu.

Alivyorudi

Mkataba wake uliisha Aprili 2024, mamake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, na yeye ndiye binti mkubwa. Aliamua kurudi. Alilipwa kiinua mgongo chake. Sheria ya Qatar inatoa si chini ya mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka, lakini hesabu yake ni ya mshahara wa msingi peke yake, marupurupu hayamo.

Kisha shilingi ikamgeukia. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Februari serikali ya Kenya ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili kupunguza deni lililokuwa likiiva Juni, hofu ikatulia, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Riyali ya Qatar imefungwa na dola kwa 3.64, kwa hiyo nayo ikashuka pamoja nayo. Riyali 1,000 ambazo mwanzo wa mwaka zingempa kama shilingi 44,000 zilimpa chini ya 36,000 alipofika. Kwa nchi ilikuwa habari njema. Kwa mtu aliyebeba akiba ya miaka mitano akipanga kuitumia huku akitafuta kazi, ilikuwa miezi iliyokatwa kwenye muda aliojipangia. Naye alikuwa amerudi mwanzoni mwa masika, wakati hoteli zinapunguza watu.

Alitembeza maombi yake kuanzia Nyali hadi Shanzu, akavuka kivuko kwenda Diani, akatuma mengine Watamu. Wasifu wake ulikuwa ukurasa mmoja: jina la chuo, majina ya hoteli mbili za Doha, nyota za kila moja, na neno “mhudumu” mara mbili. Majibu aliyoyapata yalikuwa tofautitofauti, na kila moja linastahili kuangaliwa kivyake, ingawa kwa maoni yangu hayana uzito sawa.

Nani tumpigie?

Agosti alinijia chuoni.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umerudi lini?”

Akanieleza yote. Kisha akasema: “Kila mahali wananiuliza nani wampigie. Wanaonijua mimi wako Manila na Maldives.”

“Na huku Diani?”

“Huku wa kunijua ni wewe tu, mwalimu.”

Niliyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu, kwa sababu yanaeleza kisa chake kuliko kitu kingine chochote. Anayeajiri mhudumu wa hoteli huku pwani anaanza na simu, faili atalisoma baadaye. Mkuu wa mkahawa anampigia mwenzake wa hoteli ya jirani: huyu umefanya naye? Anafika kwa wakati? Ana mkono mrefu? Mkahawa ukijaa ghafla anafanya nini? Mazungumzo ya dakika mbili yanapima kuliko vyeti vitano. Kuna wanaouona mtindo huu kuwa ni upendeleo mtupu, na upendeleo umo, sikatai. Lakini mhudumu anashika pesa, anaingia stoo, anakaa na wageni saa nane kwa siku, na hoteli iliyojaa Desemba haina nafasi ya kugundua katikati ya wiki kwamba imekosea. Ndiyo maana wanatafuta mtu wa kumsemea.

Huyu hakuwa naye. Idara ya wafanyakazi ya hoteli yake ya mwisho Doha ilijibu barua pepe moja kutoka Mombasa kwa mistari miwili: alianza lini, alimaliza lini, alikuwa mhudumu. Hoteli kubwa za nje nyingi hujibu hivyo, hazisemi neno zaidi, na miezi minane aliyofanya kazi ya kapteni haikuwamo popote. Mkuu wake wa mkahawa, Mhindi wa Kerala aliyempenda kwa bidii yake, alikuwa amehamia Maldives. Mfilipino aliyemfundisha kazi ya karamu alikuwa amerudi kwao. Namba zao nyingi zilipotea alipobadilisha laini ya simu. Kwa upande wa nyumbani, kapteni wake wa 2019 alikuwa ameacha kazi za hoteli wakati wa korona, na hoteli yenyewe ilikuwa imebadilisha wenyewe. Mtu amefanya kazi tangu ana miaka ishirini na mbili, na anapofika ishirini na saba hakuna hata mtu mmoja mwenye namba ya Kenya anayeweza kusema: namjua, mchukueni.

Nilipokuwa hotelini nilifanya kazi na mpishi wa keki aliyekwenda Dubai baada ya kukaa Malindi miaka tisa. Aliporudi alipata kazi kabla ya mwezi kwisha. Alichojifunza Dubai hakikuwa kikubwa kuliko alichojifunza binti huyu Doha. Tofauti ni kwamba Malindi yote ilikuwa inamjua kabla hajaondoka; wapishi aliowafundisha walikuwa wameshakuwa wakuu wa majiko, na Dubai kwake ikahesabiwa kuwa nyongeza juu ya jina alilokuwa nalo. Binti wetu alikwenda akiwa hana jina, kwa hiyo Doha ndiyo ilikuwa kila kitu chake, na Doha haikuweza kuja Diani kumsemea. Hapo ndipo naona kazi ya nje ya mwanzo inapotofautiana na kazi ya nje ya mtu mzima kazini. Ujuzi unaweza kulingana. Mashahidi hawalingani.

“Ulikuwa shagala?”

Katika mahojiano mawili aliulizwa hivyo, kwa maneno hayohayo. Wanawake wengi wa Kenya walioko Ghuba wanafanya kazi za ndani ya nyumba, na ndivyo wanavyoitwa kule. Kwa hiyo mwanamke akisema ametoka Uarabuni, anayemhoji ameshamaliza hukumu kabla ya kufungua faili. Mwanamume aliyetoka hoteli ileile haulizwi. Binti huyu alitumia dakika za kwanza za mahojiano kuthibitisha hakuwa mtumishi wa nyumbani, dakika ambazo mwingine angezitumia kueleza anachokijua.

Na hili nalisema waziwazi: hata angekuwa shagala, angekuwa amefanya kazi. Mwanamke aliyeendesha nyumba ya watu kumi, akapika vyakula asivyovizoea, akatunza watoto na wazee kwa lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima, amejua mengi ambayo hoteli zetu za vyumba vichache zinayahitaji. Wanaoliuliza swali hili kwa kejeli wanajinyima wafanyakazi wazuri na kuwadhalilisha watu ambao pesa zao zinaibeba nchi. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9.

Alichokijua na asichokijua

Lipo pengo la kweli pia. Hoteli kubwa ya Doha hugawa kazi vipandevipande: mmoja anapokea wageni mlangoni, mwingine anachukua oda, mwingine anabeba chakula kutoka jikoni, wa kahawa ni wa kahawa tu, na stoo ina watu wake. Mhudumu anaweza kukaa miaka mitano akawa hodari katika kipande chake na asiwahi kuhesabu chupa. Hoteli ya vyumba themanini Diani inataka mtu mmoja afanye yote hayo, na mwisho wa zamu afunge hesabu, hata umeme ukikatika. Kwenye mahojiano ya Diani aliulizwa namna ya kulinganisha vinywaji vilivyouzwa na vilivyotoka stoo. Hakujua. Aliyemhoji alikuwa na haki ya kusita.

Lugha nayo. Waliobaki huku walijifunza Kijerumani cha kutosha kuchukua oda, na upande wa Malindi na Watamu Kiitaliano kinasemwa hata na wauza madafu. Yeye alirudi na Kiarabu kizuri cha mezani, ambacho kwa wageni wa Diani hakina kazi kubwa.

Lakini angalia alichokuwa nacho na wenzake hawana. Alishafungua hoteli. Alijua kuandika na kufuatilia orodha ya wageni wanaodhurika na njugu, kamba, kaa au maziwa, jambo ambalo katika hoteli nyingi zetu hubaki kichwani mwa mpishi. Alijua kuhudumia watu mia tatu kwa wakati mmoja bila kupiga kelele. Alishafundisha watu wazima kazi. Haya yote hayakuwa kwenye wasifu wake. Kulikuwa na neno “mhudumu” na idadi ya nyota, na nyota za Doha hazimwambii meneja wa Diani kitu chochote kuhusu mikono ya mtu huyu.

Mshahara nao ulimkwaza, ila si kwa muda mrefu. Doha alikuwa akilipwa riyali 2,000, malazi, chakula na usafiri vikiwa juu ya mwajiri. Mwanzoni aliomba shilingi 60,000, akaambiwa yeye ni ghali. Alipokata tamaa akasema atachukua chochote, na hapo meneja mwingine akamshuku: kwa nini mtu wa hoteli kubwa anakubali pesa kidogo hivi, alifukuzwa? Ukitaja juu unakosa, ukitaja chini unashukiwa, na yote mawili yanatokana na lile la kwanza. Angekuwepo wa kumsemea, bei yake ingeaminika.

Kilichomtoa

Tuliuandika upya wasifu wake. Nyota tuliziondoa. Badala ya “mhudumu, 2021 hadi 2024” tuliandika kwamba alikuwa katika kundi lililofungua mkahawa wa viti 180, kwamba alishika kazi ya kapteni kwa miezi minane ya 2023 akipanga zamu za wahudumu kumi na wawili, kwamba alisimamia orodha ya mizio ya chakula kila jioni. Ukweli uleule, umeandikwa kwa namna ambayo meneja wa Diani anaweza kuuona kwenye mkahawa wake mwenyewe.

Kisha tukamtafuta Mkerala. Wafanyakazi wa zamani wa hoteli ile wana kundi la WhatsApp, na binti alikuwa amejiondoa alipobadilisha simu. Mtu mmoja alimrudisha, na kesho yake mzee yule alikuwa amempata. Aliandika barua yenye namba yake, akataja saa anazoweza kupigiwa, na hasa akaandika ile miezi minane. Barua hiyo ingepatikana kwa urahisi zaidi kama angeiomba kabla ya kuondoka. Sheria ya kazi ya Qatar, kama yetu, inampa anayeondoka haki ya kuomba cheti cha utumishi bila malipo, na hati ya polisi ya huko, ya kuonyesha kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu, nayo ni rahisi kuipata mtu akiwa bado ana kitambulisho chake cha ukaazi.

Stoo alijifunza kwangu, jioni, kwa madaftari ya chuo. Ilimchukua muda mfupi. Mtu aliyezoea kazi hujifunza haraka kitu alichokikosa.

Lakini kilichompa kazi hasa kilikuwa kibarua cha wiki mbili Ukunda, mkutano uliofuatwa na harusi. Alisita kukikubali, nami namwelewa. Kurudi kubeba trei kwa malipo ya siku baada ya kuongoza zamu Doha ni jambo linaloumiza, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ni haki. Alikwenda. Siku ya tatu waliingia wageni wa mkutano kama tisini kwa pamoja, chakula kikiwa kimepangwa mezani wajipakulie. Aliuliza nani kati yao ana mzio. Hakuna aliyejua. Akachukua kalamu, akapita meza hadi meza, akarudi jikoni na majina manne, mmoja wao mtoto wa mmoja wa wageni asiyeweza kugusa karanga, akaomba vijiko vya mchuzi wa karanga vitengwe. Mpishi mkuu alimtazama akifanya hayo. Mwisho wa wiki ya pili ndiye aliyepiga simu, bila kuombwa, kwa hoteli ya Diani ambayo Juni ilikuwa imemwambia binti huyu “tutakupigia”.

Alianza kazi Desemba 2024 kwa mkataba wa miezi sita, shilingi 32,000 na mgao wa ada ya huduma, na kwenye barua kukaandikwa kwamba nafasi yake itaangaliwa upya baada ya miezi mitatu. Aliomba sentensi hiyo iandikwe. Machi 2025 akawa kapteni.

Wenye hoteli wangeweza kumpata miezi minane mapema. Walichohitaji ni kumwita kwa zamu moja, wamlipe zamu hiyo, wamtazame akifanya kazi. Zamu moja inaonyesha kuliko mahojiano kumi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumwajiri mtu asiyefaa kwa sababu tu kuna aliyempigia simu. Kumwandikia mtu aliye Doha au Maldives kwa barua pepe ni karibu bure. Wasimamizi wanaokataa kufanya hivyo halafu wakalalamika Desemba kwamba hakuna watu wenye ujuzi, siwaelewi. Na sisi wa vyuo tuna letu la kufanya: tunawapeleka vijana mafunzo ya nyanjani bila kuwafundisha kuomba cheti cha utumishi, wala hatuna daftari la kueleza nani yuko wapi, ili anayerudi apate wa kuanzia.

Mwenzake wa darasani aliyebaki ndiye ninayemlinganisha naye. Alikaa nyumbani mwaka wote wa 2020 akiuza mahamri, akarudishwa kibarua 2021, akapata mkataba 2022, na 2024 alikuwa msimamizi wa mkahawa Diani. Kwa cheo amemtangulia. Kwa pesa, binti wa Doha alimjengea mamake nyumba ya vyumba viwili Likoni na kulipa hospitali bila mchango wa ukoo. Mwenzake bado anapanga. Nimewauliza wote wawili kama wangebadilishana. Wote walikataa. Mimi pia siwezi kusema huyu alikosea kwenda. Ninachokiona ni kwamba angeondoka baada ya misimu miwili badala ya mmoja, akiwa na cheti mkononi na watu wawili watatu wanaolijua jina lake, kisha akarudi Oktoba badala ya Aprili, miezi minane ingekuwa labda miwili.

Mdogo wake wa kiume amemaliza cheti cha upishi, na ajenti ameshamletea nafasi ya Abu Dhabi. Dada mtu alinipigia nimshauri. Tulikubaliana sote watatu: kwanza afanye msimu mzima Diani kwa mkataba hadi Pasaka ipite, aombe cheti cha utumishi kwa maandishi, achukue namba ya mpishi mkuu na awe akimsalimia hata akiwa mbali. Ajenti amesema nafasi haitangoja. Kijana amemjibu kwamba atatafuta nyingine, kwani Abu Dhabi wapishi wanatakiwa kila mwaka.